Kopo la Alhamisi

Niliisikia kabla sijafumbua jicho. Sauti ya mwanamume, nzito, yenye madaha, ikikoroma kutoka kwenye spika mbovu iliyofungwa juu ya bajaji ya mizigo, ikisogea polepole kutoka upande wa stendi ya malori ya viazi vikuu.

Chunusi zakusumbua, makovu yakuudhisha,
siku uliyozaliwa, kopo lake lang'arisha,
Jumatatu, Jumapili, hakuna wa kubakisha,
njoni kwa Mama Birago, nyuso anasawazisha.

Ilikuwa sauti yangu.

Nilikuwa chali kwenye mkeka chumbani kwa mama, shavu la kushoto limefunikwa shashi iliyogandana na usaha. Kila kina kilipopita dirishani, shavu lilinipwita. Harufu yangu mwenyewe ilinipanda puani, harufu ya nyama iliyosahaulika kwenye sufuria. Nilitema mate pembeni ya mkeka, na sikujua nayatema kwa ajili ya harufu au ya shairi.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nami, nitakufupishia.

Mimi ni Yaw Ntiamoah, mshairi wa mji wa Techiman. Sikufundishwa na mtu. Vina nilijifunza misibani, nikiwa nimejibanza nyuma ya wapiga ngoma, mpaka familia zikaanza kunialika niwasifu marehemu wao. Mama Birago, mchanganya mkorogo wa sokoni, akanisikia. Akataka nimtungie tangazo. Nikamtungia, na mji wote ukalishika. Naye akanipa kopo, maana uso wangu ulikuwa umejaa chunusi na makovu yake tangu sekondari.

Nilipaka Alhamisi jioni. Jumamosi nikasimama msibani. Anayeghani sifa hakai chini ya turubai, anasimama katikati ya uwanja ili wafiwa wamwone, na jua la siku hiyo halikuwa na huruma. Ilipofika saa tisa ngozi ya shavu ilikuwa inaning'inia kama ganda la kiazi kilichoiva.

Nyumbani nikasema jiko la gesi limenilipukia.

Hapo ndipo nilipokuacha. Uongo ule ulikuwa na siku tano.

"Kaka, bajaji yako hiyo inapita," dada yangu Foriwaa aliniambia kutoka sebuleni. Alikuwa anapiga pasi huku akiimba pamoja na spika. "Ile 'hakuna wa kubakisha' unaivuta vizuri. Hata watoto wa shule wanaivuta hivyohivyo."

"Funga dirisha."

"Eti funga dirisha. Watu wanalipia kusikika, yeye anajifungia."

Alikuja mlangoni, pasi mkononi. Foriwaa ni mshonaji, ana miaka ishirini na minne, na mashavu yake yana mashimo madogo madogo yaliyoachwa na chunusi, kama ngozi ya chungwa. Jumamosi hii watu wa Badu, mchumba wake, walikuwa wanakuja kumbishia hodi rasmi, yaani kumposa, wazee na mashangazi, na chupa za kinywaji kama desturi inavyotaka.

"Leo saa kumi naenda kwa Mama Birago," akasema. "Ananichubua mwenyewe, kwa mkono wake. Amesema dada wa sauti hapangi foleni."

Nilijiinua, nikakaa.

"Leo?"

"Leo. Ngozi ipate siku mbili za kutulia kabla Badu hajaja."

Msomaji, hapa ndipo kosa langu lilipo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Lilikuwa mdomoni, nimelionja. Nikaliangalia, nikaliona litakavyopita kwa Foriwaa, litoke kwa Foriwaa liende kwa mama, litoke kwa mama liende kisimani, na kufikia jioni watu wangekuwa wanacheka: mshairi kaunguzwa na shairi lake. Nikalimeza.

"Si uahirishe," nikasema.

"Kwa nini?"

"Jua kali siku hizi."

"Jua." Alinitazama kama anayepima kitambaa kilichopungua. "Kaka, sema tu. Una wivu. Gesi imekuharibu na hutaki mwenzio apendeze."

"Mwache mwenzako apendeze," mama naye akadakia kutoka jikoni, kisha akaingia akijikuna sikio. Mama ana uvimbe nyuma ya sikio la kulia, mgumu, unaong'aa, umekunjamana kama konokono. Walimtoboa masikio akiwa mtoto, kidonda kikapona, lakini kovu lilikataa kuacha kukua. "Na wewe, inuka uende kliniki. Shashi hiyo inaninukia mpaka kwenye supu. Jana nimeshindwa kula fufu ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Nikainuka. Nilijifunga kichwa na uso kwa kitambaa changu cheusi cha msibani, nikabakiza macho. Kopo nikalitia mfukoni kwa sababu kila mtu anajua sheria ya kliniki ile: chochote unachojipaka, unakuja nacho.

Foriwaa alikuwa anachagua gauni. Hakuniaga.

Benchi la kliniki ya ngozi lilikuwa limejaa. Nilipata nafasi pembeni mwa jibaba moja lililovua viatu na kunyoosha miguu katikati ya njia. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka mpaka unaweza kuficha sarafu ndani.

"Kaa, mdogo wangu," akaniambia. "Wewe umefanywa nini?"

Nikaonyesha shavu kwa kidole.

"Bubu?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Sikuwa na njia nyingine. Wewe ungefanyaje, kama sauti yako inapita kila barabara?

Mbele yetu alikuwa amekaa mama mmoja muuza nyanya. Uso wake ulikuwa mwekundu na mwembamba, mishipa inaonekana kama kwenye jani, na chini ya macho alikuwa na mabaka meusi. Juu ya wekundu ule chunusi mpya zilikuwa zimejipanga, zenye vichwa vyeupe. Alikuwa anajipepea kwa kadi ya hospitali.

"Wiki mbili nilikuwa kama taa," alikuwa anawaambia wenzake. "Mume wangu alianza kurudi mapema. Wiki ya tatu nikaanza kuwashwa. Nikiacha kupaka, uso unawaka. Nikipaka, unatulia kidogo halafu unavimba. Sasa mume harudi mapema wala kuchelewa. Yuko kwa dada yake."

"Kopo la nani?"

"La nani tena? 'Siku uliyozaliwa, kopo lake lang'arisha.'"

Na benchi zima, watu na vidonda vyao, wakamalizia kwa pamoja: "Jumatatu, Jumapili, hakuna wa kubakisha."

Wakacheka. Jibaba la visigino lilicheka mpaka benchi likatikisika.

"Yule mtunzi nikimpata," mama wa nyanya akasema, "sitampiga. Nitamlambisha kopo mpaka chini, aghani vizuri."

Nilikaza kitambaa.

Nimetunga mashairi kumi na tisa ya misiba, na watu wamelia. Hakuna hata mmoja pale aliyeyakumbuka. Walichokumbuka ni kile nilichotunga kwa dakika kumi, na walikuwa wanakiimba huku wakijifuta maji ya vidonda. Nilitamani benchi linimeze.

Nesi akatoka. "Makopo juu ya meza. Kila mtu aweke lake mbele ya kadi yake. Msichanganye."

Makopo yakapangwa. Meupe, ya ukubwa mmoja, yenye kifuniko cha buluu. Juu ya kila kifuniko kulikuwa na jina moja lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ama. Kofi. Akosua. Yaw. Kwetu kila anayezaliwa hupewa jina la siku yake kabla ya jina jingine lolote. Aliyezaliwa Alhamisi ni Yaw akiwa mwanamume, na Jumatatu akiwa mwanamke ni Adwoa. Hata dada yangu, ingawa wote tunamwita Foriwaa, ni Adwoa.

Nikaitwa, nikaingia na kadi na kopo langu. Daktari Ayamba, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuwa ameacha mlango wazi kwa sababu ya joto. Alinilowesha shashi kwa maji ya chumvi na kuanza kuibandua. Nilishika kingo za kiti. Machozi yalisema.

Shashi ilipotoka, nesi aligeuza uso. Nesi, aliyezoea kila uozo. Nilijiona kwenye kioo cha kabati: nyama nyekundu yenye utando wa njano, ukubwa wa kiganja, kuanzia chini ya jicho mpaka taya.

"Hii nini?" Daktari akauliza.

Nikaonyesha kwamba siwezi kusema.

"Mdomo wako mzima. Koo lako zima. Kadi inasema mshairi." Akaniangalia juu ya miwani. "Sema."

"Gesi," nikanong'ona.

"Gesi gani inaunguza shavu na kuruka nyusi?"

Akachukua kopo langu, akalifungua, akalinusa kwa mbali, akafumba jicho moja.

"Umepaka hii usoni?"

"Mara moja tu."

"Hii si ya uso. Hii ni ya visigino. Wabeba mizigo hupaka hii, wanavaa soksi, baada ya siku tatu ngozi ngumu inatoka kama kiatu. Ni asidi ya kutosha kuondoa kutu. Na baada ya hapo ukakaa juani?"

"Kutwa."

Alishusha kopo taratibu. "Nani alikupa?"

"Limeandikwa jina langu. Yaw."

"Yaw ni mimi," sauti ikasema mlangoni.

Lilikuwa lile jibaba. Limesimama pekupeku, kopo mkononi, uso umekunjamana kwa kufikiri.

"Samahani, Daktari, mlango ulikuwa wazi. Mimi naitwa Yaw Gyabaa, mbeba magunia ya mahindi. Nilimwambia Mama Birago anitengenezee dawa ya visigino. Akanipa hii. Wiki tatu nimepaka. Visigino vimebaki hivihivi, ila vinanukia papai. Mke wangu anasema analala na bakuli la matunda."

Daktari akalifungua la kwake. Hata mimi nililisikia likinukia: papai, asali, kitu kitamu.

"Hili ndilo lilikuwa la uso wako," akaniambia. "Na usifurahi. Hili nalo lina steroidi za kutosha kumfanya mtu ang'ae wiki mbili, kisha ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara na chunusi zinarudi na ndugu zake. Yule mama pale nje ndiyo hali yenyewe. Ungepata lako au la mwenzako, ungekuja hapa."

Kisha akageuza kifuniko changu, akasoma jina.

"Zamani Birago alikuwa anaandika kwenye vifuniko. Uso. Mkono. Kisigino. Nimeyaona makopo yake miaka mingi, mabaya, lakini angalau yaliandikwa. Nani alimletea huu ujinga wa kuandika siku?"

Najua aliyemletea.

Nilikuwa nimekaa dukani kwake, kwenye kiti cha plastiki, nikihesabu mizani kwa vidole. Alitaka shairi liwe na uso, mkono na kisigino. Nilimwambia maneno hayo hayapandi. Kisigino ni neno la kuingiza wapi? Nilimwambia futa hayo, weka siku za kuzaliwa, kila mtu atajisikia ametengenezewa la kwake. Mistari itasimama yenyewe. Alisita. Alisema, "Nitayatofautishaje, mwanangu?" Nami nikamjibu kwa kiburi, nikiwa nimekunja mguu: "Mama, wewe shughulika na dawa, mimi niachie maneno."

Alifuta mbele yangu, kwa kitambaa chenye spiriti, kopo moja baada ya jingine. Nami nilimsaidia kufuta.

"Mimi," nikasema.

Sikunong'ona. Ilitoka kwa sauti yangu kamili, ile ya uwanjani.

Benchi lote likageukia mlangoni. Halafu mama wa nyanya akaja mpaka mlangoni, polepole. Akanisogezea uso wake karibu, nikaona kila chunusi na kila mshipa.

"Ndiyo yeye," akawaambia wenzake bila kugeuka. "Ndiyo ile sauti." Akaniangalia shavu langu bichi. Nilingoja anitemee mate. Aliguna tu, kwa huruma na karaha kwa pamoja, akasema, "Umeshalamba tayari," akarudi kukaa.

Afadhali angenitemea.

Daktari alifunga mlango. Alinisafisha, akanipaka dawa, akaweka shashi mpya isiyogandana. Alikuwa anaongea huku mikono ikifanya kazi.

"Jua, hapana. Kusugua, hapana. Limau, hapana, hata bibi yako akiapa. Kutakuwa na alama, nyeusi au nyeupe, sijui bado. Kuna kwenu mwenye kovu linalokua?"

"Mama. Sikio."

Mikono yake ilisimama.

"Kubwa?"

"Kama konokono."

"Basi nakwambia ukweli. Kwa familia kama yenu, kidonda kikiingia ndani kinaweza kupona na kovu lisikubali kuacha kukua. Tunaita keloidi. Tutakuangalia kila wiki. Likianza kuinuka, kuna sindano, na sindano nazo zina hatari yake, ngozi inaweza kuzama au kupauka. Sina cha kukupa kisicho na hatari, Yaw. Hata kuchubua tunachubua hapa, kwa dawa hafifu, baada ya kujaribu nyuma ya sikio na kungoja, na wengine tunawakatalia. Tofauti yangu na Birago ni kwamba mimi nakwambia hatari kabla sijakugusa."

"Na mtu mwenye mashimo ya chunusi tu? Mwanamke. Ana jambo Jumamosi."

"Jumamosi aende na mashimo yake. Matibabu ya kweli ni miezi. Ni nani?"

"Dada yangu."

"Wa mama mmoja?"

"Mmoja."

Akavua glovu. "Asiguswe na yule mwanamke. Umenisikia? Na akiguswa, maji. Maji mengi, ya bomba, dakika ishirini, wala si kitu kingine. Kisha mlete."

Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa kumi na dakika tano.

Nilimpigia Foriwaa nikiwa tayari nakimbia. Simu ilikuwa imezimwa. Nilijua imezimwa kwa nini: dukani kwa Birago simu zote huzimwa na kuwekwa kwenye beseni mlangoni, watu wasipige picha siri ya mchanganyiko wake.

Duka liko nyuma ya wauza vitenge. Nilipita katikati ya vitambaa vilivyotandikwa chini, nikatukanwa na kila mtu, nikaingia bila kubisha.

Wanawake wanne walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, taulo shingoni. Wa mwisho alikuwa Foriwaa, kichwa kimelazwa nyuma, macho yamefumbwa. Mama Birago alikuwa amemwinamia na brashi. Kidevu na shavu la kulia vilikuwa tayari vinameremeta.

"Acha," nikasema.

"Mshairi wetu," Mama Birago akasema bila kuinua kichwa. Ni mwanamke mwenye sauti ya upole, vidole vimekuwa vyeusi kwenye maungio kwa miaka ya kukoroga. "Umekuja kutuletea ubeti mpya? Subiri nimalize shavu la pili."

"Mama, weka brashi chini."

"Kaka, unaniaibisha," Foriwaa akasema, macho bado yamefumbwa. "Nenda nyumbani."

"Foriwaa, inuka unawe."

"Gesi imempanda kichwani," Mama Birago akawaambia wateja, na wale watatu wakacheka chini ya taulo zao.

Nikavua kitambaa. Nikabandua shashi ya daktari, ile mpya, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mmoja alisimama na kuelekea mlangoni akiwa ameziba mdomo. Hakufika. Alitapikia kwenye beseni la simu.

Foriwaa alifumbua macho.

"Si gesi," nikasema.

"Rudia."

"Si gesi, Foriwaa. Ni kopo la hapa. Nilipewa la visigino vya mbeba magunia kwa sababu yeye ni Yaw na mimi ni Yaw. Nimetoka kliniki sasa hivi, nimemwona huyo mtu na kopo langu mkononi."

Brashi ilikuwa bado hewani. Mama Birago aliitazama rafu yake: mistari saba ya makopo, mstari kwa kila siku, meupe yote, yanafanana kama mayai. Nikaona anaelewa. Ilimchukua muda, na hakupiga kelele.

"Wewe ndiye uliyenifutisha," akasema taratibu.

"Mimi ndiye."

"Nilikuuliza nitayatofautishaje."

"Uliniuliza."

Wateja wakaanza kutafuta makopo yao mikobani, kuyafungua, kuyanusa, kubadilishana. "Hili lako linanuka nini?" "Na wewe unaitwa nani?" "Akua." "Na mimi Akua." Duka zima likanuka papai na kitu kikali kama betri ya gari.

Foriwaa hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anaangalia bakuli lililokuwa mkononi mwa Mama Birago.

"Hii niliyopakwa," akauliza, "imetoka kopo gani?"

Mama Birago aligeuza kifuniko kilichokuwa mezani. Kiliandikwa Adwoa.

"Adwoa yupi?"

Mama Birago akanusa. Akachovya kidole, akakisugua kwa kidole cha pili. Midomo yake ilisogea kama anayehesabu wateja wake wote wa Jumatatu.

"Mama, nakuuliza. Adwoa yupi?"

"Sijui," Mama Birago akasema.

Foriwaa akashika kidevu. "Kinachoma."

Nilikibeba kiti na yeye juu yake mpaka kwenye pipa la maji uani. Mama Birago alikuja mbio na limau lililokatwa, eti linakata makali. Nikalipiga likaruka mpaka kwa wauza vitenge. Nilichota maji kwa mtungi, nikamwagia, nikachota, nikamwagia. Wateja waliunda duara. Mama Birago mwenyewe, sitamnyima haki yake, aliacha maneno akashika ndoo, akaenda bombani na kurudi, akaenda na kurudi.

Dakika ishirini ni ndefu. Foriwaa hakulia. Alikuwa ameshikilia kingo za pipa, gauni alilolichagua asubuhi limemganda mwilini, na kila maji yalipotulia nilimtazama shavu. Shavu lilikuwa jekundu tu. Kidevuni, upande wa kulia, kulikuwa na doa la ukubwa wa kucha, jeupe, kama ngozi ya mtu aliyefua kutwa.

Nilijua doa jeupe lina maana gani. Langu lilianza hivyohivyo.

"Kuna nini?" akauliza.

"Doa dogo."

"Dogo kiasi gani? Usinipambie."

"Kama kucha. Jeupe. Daktari anataka akuone sasa hivi. Kwa sababu ya sikio la mama, anaogopa litapona na kuanza kuinuka."

"Atajua lini?"

"Si leo. Wiki. Labda miezi."

"Na Badu anakuja keshokutwa."

"Ndiyo."

Alijifuta macho kwa mkono wa gauni. Alinitazama shavu langu, lote, bila kugeuka. Tangu nitoke kliniki, ndiye mtu wa kwanza kutogeuka.

"Asubuhi nilikwambia una wivu," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa sijui la makopo kuchanganyika. Lakini la kwamba dawa ya hapa ndiyo iliyonichubua, nilijua."

"Ukaniambia jua kali."

Mama Birago alikuwa amesimama na ndoo iliyojaa, maji yanamdondokea miguuni.

"Jumamosi wazee wao watakaa kwenye viti vyetu," Foriwaa akasema. Alikuwa anaongea taratibu, kama anayeshona mshono asiotaka kuukosea. "Shangazi yao yule mwenye ulimi atauliza binti amefanya nini kidevuni. Mama atasema gesi, kwa sababu hajui lingine. Badu atanitazama mimi. Nani atamjibu shangazi?"

"Mimi."

"Utasema nini?"

Nikafungua mdomo, na maneno yakaanza kujipanga yenyewe, nane kwa nane, kama yalivyozoea. Aliyaona yakija.

"Usinighanie," akasema. "Sema kama mtu. Sema hapa, hawa wote wasikie."

Nikayavunja yale maneno. Ilikuwa kazi. Nilimshika mkono wake uliolowa, nikasema kwa sauti, wateja wanasikia, wauza vitenge wanasikia, Mama Birago anasikia:

"Jumamosi nitakaa mbele ya wazee wa Badu bila kitambaa usoni. Nitamwambia shangazi yao kwamba dada yangu aliniamini, na kwamba asubuhi ya leo nilijua, na nilinyamaza kwa sababu niliona aibu. Nitasema hivyo kabla hawajaonja kinywaji. Nakuahidi, Foriwaa."